"Si Bora" na "Si Yenyewe"

Katika mijadala ya sanaa zipo hukumu mbili ambazo hutamkwa kwa pumzi moja, ilhali hazina undugu. Ya kwanza husema: kazi hii si bora. Ya pili husema: kazi hii si yenyewe. Ya kwanza hupima. Ya pili hufukuza. Sisi wapenzi wa ushairi wa Kiswahili tumezizoea zote mbili, lakini mimi nilijifunza kuzitenganisha mbali na ushairi wetu, katika mji wa Reading, Uingereza. Huko nilipanga chumba nikiwa mwanafunzi, na huko nilisikiliza ndugu wawili wakibishana juu ya albamu za bendi ya Genesis.

Genesis ilianzishwa mwaka 1967 na vijana wa shule ya Charterhouse. Ilipiga roki ya progresivu, yaani roki isiyotosheka na wimbo wa dakika tatu, inayopenda masimulizi marefu na mapigo yasiyo ya kawaida. "Supper's Ready", wimbo uliomo katika albamu ya Foxtrot ya mwaka 1972, una sehemu saba na huchukua takriban dakika 23. Aliyezoea tenzi hatashangaa. Mwimbaji wao, Peter Gabriel, aliondoka mwaka 1975. Mpiga ngoma, Phil Collins, akashika uimbaji, na kadiri miaka ilivyokwenda nyimbo zikafupika na hadhira ikapanuka. Mwaka 1986 "Invisible Touch" ilishika nafasi ya kwanza Marekani. Mashabiki wakagawanyika kambi mbili, na hadi leo hawajapatana.

Mwenye nyumba wangu, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alikuwa wa kambi ya Gabriel. Kwake hapakuwa na albamu iliyoishinda The Lamb Lies Down on Broadway, santuri mbili za mwaka 1974 zinazosimulia masaibu ya kijana Rael katika jiji la New York. Dada yake, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, alikuja kila Jumapili kula chakula cha mchana, naye aliitetea Duke ya mwaka 1980. Mimi, mgeni wa meza, nilisimama na Selling England by the Pound ya mwaka 1973.

Sababu zangu zilikuwa za mtu wa lugha. Jina la albamu hiyo peke yake ni fumbo: "pound" ya Kiingereza ni ratili na ni pauni pia, basi nchi inapimwa kama nyama na kulipiwa kama bidhaa kwa neno moja tu. Nikisema "ratili" fedha inapotea. Nikisema "pauni" msikilizaji wa leo hafikirii mizani. Ndani yake kuna wimbo "Firth of Fifth", unaochezea jina la hori ya mto Forth kule Uskoti: Forth kwa sikio la Mwingereza ni kama "ya nne", nao wakaifanya "ya tano". "The Cinema Show" nayo imeazima watu kutoka The Waste Land ya T. S. Eliot. Mzee alinijibu kwamba katika "The Battle of Epping Forest" maneno yamezidi hata mahadhi yanakosa pa kupumulia. Alikuwa na haki. Dada yake alisema upande wa mwisho wa The Lamb unachoka kabla Rael hajafika. Naye alikuwa na haki. Hayo yote yalikuwa ya hukumu ya kwanza, na chakula kililika vizuri.

Mambo yaliharibika pale mzee alipoelemewa. Hapo aliweka uma chini na kusema: "Hiyo si Genesis." Jumapili moja dada yake alimjibu: "Nilikuwa na miaka 13 nilipoinunua Duke kwa fedha zangu. Kama si Genesis, basi mimi nilisikiliza nini?"

Kisha akamwekea "Turn It On Again" ya albamu hiyohiyo, akamtaka ahesabu mapigo. Wimbo ni mfupi na ulipendwa redioni, lakini sehemu yake kubwa huenda kwa mapigo 13. Apigaye makofi nne-nne huachwa njiani. Mzee alihesabu kwa kidole mezani, akafika 13, akarudia, akafika palepale. "Bado si Genesis," akasema. Ndipo nilipoelewa kwamba kipimo hakikuwa na kazi tena. Alikuwa na miaka 17 ilipotoka The Lamb, na 18 Gabriel alipoondoka. Alichokilinda kilikuwa mlango alioingilia yeye, na aliyeingia kwa mlango mwingine alimhesabu mvamizi.

Machi 26, 2022, Genesis ilifanya onyesho lake la mwisho katika ukumbi wa O2, London. Dada alinunua tiketi mbili. Mzee akakataa: hawezi kwenda kumuaga asiyemtambua. Nikaenda mimi kwa tiketi yake. Collins, aliyedhoofika kwa maradhi, aliimba akiwa ameketi. Ngoma alipiga mwanawe, Nic. Na miongoni mwa watazamaji alikuwamo Peter Gabriel mwenyewe. Aliyeondoka miaka 47 kabla hakuona vibaya kuja kuwasikiliza waliobaki. Mzee alipopata habari hiyo aliuliza jambo moja tu: "Alikaa hadi mwisho?" Hatukuwa na jibu. Sisi tulikuwa tukitazama jukwaani.

Mwaka uleule wa 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, na kwetu pia kambi zikajipanga. Amri Abedi alikuwa ameandika Sheria za Kutunga Mashairi miaka 20 kabla, na wengi waliolelewa na vina na mizani walisema: haya si mashairi. Bado tunasema hivyo, na vijana wa mashairi huru nao hujibu kwamba shairi la vina ni hesabu tu. Pande zote mbili hupata nafuu ileile: ukishasema "si shairi" umejisamehe kusoma mstari wa pili. Kijana aliyekuletea beti zake hawezi kurekebisha chochote kwa hukumu hiyo. Mwambie taswira yake imechakaa, au mstari wa tatu unasema lililokwisha kusemwa na wa kwanza, naye atakuwa na kazi ya kufanya akirudi nyumbani.

Mimi bado nashikilia kwamba Selling England ni bora kuliko Duke, na sababu zangu nimezitaja. Mwenye zake na alete.