Gia ya Mlima

Watu wakiliona gari la zamani limepigwa rangi likang'aa, huuliza swali lile lile: lina mbio kiasi gani? Sijapata kumsikia mtu akiuliza linapanda vipi. Hata hivyo, katika miaka niliyokaa na Volkswagen ya marehemu baba, ile ya mgongo wa duara, nimekuja kuamini kwamba swali lenye maana ni hilo lisiloulizwa.

Gari lenyewe ni la mwaka 1964. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,192, ina nguvu za farasi 34, imekaa nyuma, na haina rejeta wala maji. Hupozwa kwa upepo. Baba alipofariki alituachia gari hilo kaka yangu na mimi, nasi tukakubaliana kwamba kaka, ambaye ana kazi Dar es Salaam, atasaidia gharama, na mimi ninayeishi Korogwe nitalitunza. Mama yetu yuko Lushoto, juu ya Milima ya Usambara, na hataki kuhama. Basi kila mwezi humfuata, nikamteremsha kwa matibabu, kisha nikampandisha tena. Mama hapendi mabasi. Husema katika gari la baba hajisikii mgonjwa.

Ikafika siku giaboksi ikaanza kulia. Fundi alisikiliza, akaendesha hatua chache, akarudi akasema beringi zimelika, hakuna dawa ila kushusha injini, kutoa giaboksi na kuifungua yote. Kazi hiyo ni ghali, na mtu wa kipato changu haifanyi mara mbili. Hapo ndipo lilipozuka jambo ninalotaka kulieleza. Kaka alipopata habari aliniletea zawadi: jozi mpya ya krauni na pinioni, yaani yale meno ya mwisho ya difu ambayo hupokea mzunguko kutoka kwenye gia na kuupeleka kwenye magurudumu. Alisema, "Maadamu inafunguliwa, weka hii. Gari litakimbia kama magari ya wenzetu."

Kwa msomaji asiyekaa na mafundi, naomba nieleze kidogo. Katika gari letu pinioni ina meno 8 na krauni ina meno 35. Ukigawanya unapata 4.375, maana yake pinioni huzunguka mara nne na zaidi ili gurudumu lizunguke mara moja. Zawadi ya kaka ilikuwa ya meno 8 kwa 31, yaani 3.875. Kati ya hizo mbili ipo ya meno 33, yaani 4.125, ambayo kiwanda kiliifunga kwenye Volkswagen za injini ya 1500 zilizoanza kutoka mwaka 1966. Namba inapokuwa kubwa, injini huzunguka sana na gari huwa na nguvu ya kuvuta. Namba inapokuwa ndogo, injini huzunguka kidogo kwa mwendo ule ule. Fundi wetu huiita ya kwanza difu ya nguvu na ya pili difu ya mbio.

Sikuipuuza hoja ya kaka, kwa kuwa ina ukweli. Tairi la gari hili likizunguka mara moja hutembea karibu mita 2. Gia ya nne ina uwiano wa 0.89. Nilipopiga hesabu niliona kwamba kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, difu yetu ya zamani huifanya injini izunguke kama mara 2,600 kwa dakika, na difu ya kaka ingeifanya izunguke kama mara 2,300. Hiyo ni mizunguko 300 inayopungua kila dakika. Kwa mtu atokaye Chalinze kwenda Segera, barabara ikiwa imenyooka na mabasi yakimpigia honi nyuma, hiyo ni faraja. Kelele hupungua, na mafuta nayo yaweza kupungua kidogo. Kaka huliendesha gari anapokuja likizo, na njia anayoijua yeye ni hiyo.

Lakini hesabu ile ile iliniambia jambo la pili. Injini hii hutoa nguvu zake zote za farasi 34 ikiwa kwenye mizunguko 3,600. Mwendo wake wa mwisho ni kilomita 115 kwa saa, na kwa difu ya zamani mwendo huo huikuta injini kwenye mizunguko 3,700 hivi, yaani mahali pale pale palipo na nguvu. Usione vyaelea, vimeundwa. Wahandisi wa Ferdinand Porsche waliolibuni gari hili katika miaka ya 1930 walitaka liweze kwenda kutwa nzima kwenye barabara kuu mpya za Ujerumani bila injini kujiumiza, ndiyo maana gia ya nne waliifanya ndefu tangu mwanzo. Ukiongeza urefu juu ya urefu, ule mwendo wa 115 utaikuta injini kwenye mizunguko 3,300, haijafika penye nguvu zake. Hapo gari halitakimbia zaidi ya zamani, na pakiwa na upepo wa mbele litakimbia pungufu. Gia haizai nguvu. Hugawa tu ile iliyopo, kama mama wa nyumba agawavyo chakula sufuriani: akimzidishia mmoja, mwingine hupungukiwa.

Sasa tuje mlimani. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na katika umbali huo mtu hupanda karibu mita 1,000. Barabara imejikunja ubavuni mwa mlima kama nyoka, ukuta wa mawe upande mmoja na bonde upande wa pili. Gari letu huipanda kwa gia ya tatu na ya pili. Gia ya tatu ni 1.32. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, gia hiyo na difu ya zamani huiweka injini kwenye mizunguko 1,925 kwa dakika. Injini hii huvuta vizuri kuliko kote ikiwa karibu na mizunguko 2,000, kwa hiyo hapo iko nyumbani kwake. Kwa difu ya kaka ingeshuka hadi 1,705. Ingeanza kukoroma na kutetemeka, na dereva ingembidi arudi gia ya pili. Gia ya pili ni 2.06, nayo kwa mwendo huo huo huipeleka injini karibu na mizunguko 2,700. Kati ya kukoroma na kulia pasingekuwa na mahali pa kukaa. Nafasi iliyopo kati ya gia na gia ingebaki vile vile kwa namba, lakini ingehamia mahali pabaya, yaani pale pale kwenye mwinuko ambao mama na mimi huupita kila mwezi.

Na katika gari lipozwalo kwa upepo jambo hilo si la starehe tu. Feni yake huzungushwa kwa mkanda na injini yenyewe. Injini ikizunguka kwa kasi, feni huvuta upepo mwingi, na ikizunguka polepole, upepo hupungua. Gari la rejeta lina maji ya kubeba joto kwa muda, lakini hili lina upepo wake na lita mbili na nusu za oili, basi. Difu ya kaka ingepunguza mizunguko kwa zaidi ya sehemu moja katika kila kumi, na upepo ungepungua nayo, wakati ambapo mzigo wa kupanda umebaki ule ule na mguu wa dereva umekanyaga zaidi. Katika injini za miaka hiyo kipozea oili husimama ndani ya kasha la feni, mbele ya silinda ya tatu, kwa hiyo silinda hiyo hupata upepo uliokwisha kupashwa moto. Mafundi wanajua kwamba valvu ya ekzosi ikikatika, aghalabu huwa ni ya silinda hiyo. Dereva huona injini imetulia akadhani imepumzika, kumbe inaungua kimya kimya.

Jambo hili limenifanya niwatazame wanadamu kwa jicho jingine. Mara nyingi humsifu mtu kwa utulivu, tukasema fulani ana mzigo mkubwa lakini hana kelele. Hatuulizi kama anapata hewa. Yuko mtu ambaye akilalamika kidogo, akibadilisha gia na kupiga kelele zake, hufika juu salama. Na yuko aliyenyamaza ili asiwasumbue wengine, akajipandisha mlima kwa gia isiyo yake, na siku moja akakatika njiani, sote tukashangaa.

Historia ya gari hili nayo inafundisha. Wakati wa vita kuu ya pili jeshi la Ujerumani lilitaka gari la namna hiyo liende taratibu sambamba na askari wanaotembea kwa miguu, yapata kilomita 4 kwa saa. Wahandisi hawakutafuta injini kubwa. Waliongeza gia ndogo kwenye kila gurudumu la nyuma, gari likainuka juu ya matope na likaweza kutembea kwa mwendo wa mtu. Utaratibu huo ulirithiwa na Kombi, zikawa nao hadi mwaka 1967, ndiyo maana Kombi ya zamani yenye injini ndogo iliweza kubeba watu na mizigo yao. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, katika mashindano ya Safari Rally, Volkswagen ilishinda mwaka 1954, mwaka 1957 na tena mwaka 1962. Haikuwa na injini kubwa. Uzito wa injini ulikaa juu ya magurudumu yanayosukuma, na gia zake zililingana na pumzi yake.

Fundi alinishauri nichukue njia ya kati, ile difu ya meno 33, ili nisimuudhi kaka wala nisiuudhi mlima. Nililifikiri sana shauri hilo, maana ni la mtu mwenye busara. Lakini difu hiyo kiwanda kiliiweka penye injini ya farasi 44, na yetu ina 34. Mtu akisuluhisha kati ya wawili waliogombana, hukata katikati na wote wakaridhika kidogo. Mlima haugombani na mtu, kwa hiyo hausuluhishwi. Uko pale, na una mita zake.

Lililokuwa gumu ni kaka. Kwetu mdogo hairudishi zawadi ya mkubwa wake kwa wepesi, hasa ikiwa ni zawadi aliyoinunua kwa pesa ya jasho lake na kwa nia njema. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sikutaka aone kwamba namshutumu hivyo. Nilisafiri hadi Dar es Salaam badala ya kumpigia simu. Nilikwenda na karatasi ya hesabu, tukakaa barazani kwake baada ya chakula. Nilimwambia, "Kaka, wewe unalijua gari hili likiwa Chalinze. Mimi nalijua likiwa Soni, mama yuko nyuma na kapu lake la dawa." Aliichukua karatasi, akaisoma kutoka juu hadi chini, na alipofika kwenye mstari wa gia ya tatu akanyamaza. Kisha akauliza swali moja tu: "Mama akiwa ndani, huwa unapanda kwa gia gani?" Nikamwambia ya tatu, na penye kona kali ya pili. Akasema, "Basi funga ya mama. Hiyo yangu itapata gari lake."

Tulifunga beringi mpya na kuirudisha difu ya meno 35 mahali pake. Kwenye barabara kuu mabasi bado yanatupita, na kaka akija likizo hucheka na kusema gari linapiga kelele kama cherehani. Ni kweli linapiga. Kiwanda cha mwisho kilichoyatengeneza magari haya, huko Mexico, kilifunga kazi hiyo mwaka 2003, kwa hiyo injini tuliyo nayo hatuna budi kuitunza kuliko kuijaribu.

Mtu akiniuliza leo achague gia gani kwa gari lake la zamani, simtajii namba. Humwuliza anakwenda wapi kila mwezi, amempakia nani, na ni wapi katika njia hiyo ambapo injini hulia. Mahali hapo ndipo pa kuanzia hesabu. Tambarare itajisaidia yenyewe, kwa sababu kwenye tambarare karibu kila gia hufaa. Nami nadhani ndivyo ilivyo kwa mengi tunayoyachagua, kazi, ndoa na hata marafiki: tusiyapime kwa siku zile njia inaponyooka.