Kukadiria na Kupima

Watu waliofundisha hesabu kwa muda mrefu wana ugonjwa mmoja ambao dawa yake ni adimu. Huanza kuamini kwamba macho yao ni rula. Mimi niliuugua ugonjwa huo kwa zaidi ya miaka arobaini, na nilipopata nafuu nilikuwa nimekwisha kustaafu ukuu wa chuo, nywele zimekuwa nyeupe, tena niko ugenini. Aliyenitibu si daktari, bali ni kidude kinachoenea kiganjani.

Mwaka 2023 nilikwenda Marekani kumtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi katika jimbo la Wisconsin. Ilikuwa mwezi Septemba, na msimu wa kuwinda kwa upinde ulikuwa ndiyo kwanza unafunguliwa. Jirani yao ni mzee wa rika langu, fundi bomba mstaafu, na kila jioni alikuwa akifanya mazoezi nyuma ya nyumba yake. Alisimamisha sanamu ya sponji yenye umbo la mnyama wao wa porini mwenye pembe za matawi, wa jamii ya wale ayala tunaowasoma katika Biblia, kisha akailenga kwa upinde wenye vigurudumu kwenye ncha zote mbili. Mimi na mjukuu wangu, mtoto wa miaka kumi, tulikuwa watazamaji wake wa kudumu.

Nilichokiona cha ajabu kwangu si upinde. Kabla ya kuvuta mshale, mzee yule alichomoa mfukoni kitu kama darubini ya jicho moja, akachungulia, akabonyeza kitufe, akakirudisha. Nilipomuuliza, alinipa nikishike. Kilikuwa kipima-umbali cha leza. Ndani ya kioo niliona alama ndogo ya msalaba. Nilipoielekeza kwenye sanamu na kubonyeza, iliandikwa namba, na namba hiyo ilikuwa umbali kutoka jichoni pangu hadi pale.

Ndugu msomaji, mwalimu hawezi kuona kitu cha namna hii asiulize kinavyofanya kazi. Jawabu ni hesabu ya kidato cha kwanza: umbali ni mwendo mara muda. Kidude hurusha mmweko mfupi wa mwanga usioonekana kwa macho, mwanga hugonga shabaha na sehemu yake ndogo hurudi, nacho hupima muda uliopita, kisha hugawanya kwa mbili, kwa kuwa mwanga umekwenda na kurudi. Ugumu uko kwenye muda wenyewe. Mwanga husafiri takriban kilometa 300,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kwenda na kurudi kwa shabaha iliyo mita 30 huchukua sehemu moja ya milioni tano ya sekunde. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman huko California, na mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo mwezini ili wataalamu walioko duniani wapime umbali wa mwezi kwa njia hiyo hiyo. Hayo niliwasimulia wanafunzi wangu mara nyingi, lakini sikutarajia kwamba siku moja ningeishika elimu hiyo mkononi.

Nilimwuliza mzee kwa nini mshale uhitaji usahihi kiasi hicho. Akanijibu kwa vitendo, nami usiku nikakaa na karatasi kuthibitisha. Mshale wa upinde kama wake hutoka kwa mwendo wa karibu mita 85 kwa sekunde. Ukitegemea jicho ukasema shabaha iko mita 30, ukalengea hivyo, kumbe iko mita 40, mshale utapita chini ya ulipokusudia kwa zaidi ya sentimeta 27, hata bila kuhesabu upinzani wa hewa. Sasa moyo na mapafu ya mnyama yule huchukua nafasi isiyozidi sana upana wa sahani ya chakula. Kosa la mita kumi hulitoa jeraha kwenye moyo na kulipeleka mguuni. Mnyama hatakufa pale. Atakimbia na maumivu yake.

Mzee alinionyesha pia mipaka ya chombo. Majani marefu yakikatiza mbele ya shabaha, kitapima majani. Ukungu na mvua hukihangaisha. Mwindaji akiwa juu ya mti, au kwenye mteremko mkali, si umbali wa mshazari unaotakiwa, bali ule wa mlalo, maana uzito huvuta mshale kuelekea chini tu. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 40 za mshazari ni karibu mita 35 za mlalo. Vidude vya siku hizi hukokotoa jambo hilo vyenyewe. Tena yako mashindano ya upinde ya porini ambamo umbali wa baadhi ya shabaha hautajwi na vyombo hivi vimepigwa marufuku, kwa sababu kukadiria ndiyo sehemu ya mtihani wenyewe.

Juu ya hayo yote, yeye mwenyewe alikuwa na kanuni moja: mnyama akizidi yadi 30, yaani karibu mita 27, hapigi, hata kama kidude kimesema kweli. Sauti hufika kabla ya mshale. Mnyama husikia ugwe ukilia, akajikunja kukimbia, na mahali ulipolenga pakahama. Alisema chombo humwambia mahali mnyama alipo, lakini hakimwambii apige.

Jioni moja mjukuu wangu alibuni mchezo. Kila mmoja akadirie, kisha kidude kiamue. Nilikubali kwa furaha, maana katika Jeshi la Kujenga Taifa, nilikoingia baada ya kidato cha sita, tulifundishwa kazi hiyo. Afande alitutaka tujiulize ni viwanja vingapi vya mpira vingeenea kati yetu na shabaha. Alitutahadharisha kwamba kitu kilichopigwa na jua huonekana karibu, na kilicho kivulini huonekana mbali. Kwa shabaha za kwenye uwanda wa majani sikuaibika. Nilikosea mita mbili, tatu. Kisha mtoto akaonyesha mti mkubwa ng'ambo ya kijibonde, jua la jioni likiuangaza vizuri.

“Hamsini,” nikasema bila kusita.

Kidude kilisema 74. Nikaomba nipime mwenyewe. Mara ya kwanza nikapata 9, kwa kuwa nilikuwa nimepima kichaka kilicho mbele yangu, na kwa dakika moja nilifurahi kwamba chombo ni kibovu. Mara ya pili, 74. Mara ya tatu, 74. Mjukuu akacheka, “Babu, umekosa!” Mzee akanishika bega, akasema bonde humdanganya kila mtu, kwa sababu ardhi iliyojificha chini jicho haliihesabu. Nilitabasamu, lakini tabasamu halikufika mbali. Kumbukumbu ya bonde lingine ilikuwa imenirudia, nalo nililiacha kusini mwa Tanzania mwaka 1981.

Mwaka huo nilikuwa mkufunzi wa hesabu katika chuo kimoja cha ualimu. Chuo kilikuwa na shamba la mahindi, kama ilivyotakiwa na elimu ya kujitegemea, na nguruwe mwitu walikuwa wakilivuna kabla yetu. Kijiji kilituazima gobole, ile bunduki inayoshindiliwa baruti kwa mdomoni, na kwa kuwa nilipitia jeshini nikajiona ndiye mwenye kustahili kulishika. Jioni moja dume moja lilisimama ng'ambo ya korongo, jua likilipiga ubavuni. Wanafunzi wawili waliokuwa nami walinong'ona kwamba ni mbali. Nikawaambia ni mita 50. Nikapiga. Nguruwe alianguka, akainuka, akaingia kichakani akiburuta mguu wa nyuma.

Giza lilikuwa linaingia, nasi hatukumfuata. Asubuhi, kabla sijatoa tahadhari yoyote, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikwenda kutafuta kuni upande ule. Nguruwe aliyejeruhiwa hana mahali pa kukimbilia, kwa hiyo humrukia yeyote anayemkaribia. Alimpasua kijana yule paja, kutoka karibu na goti hadi juu. Alilala hospitali ya wilaya wiki tatu, na tangu hapo anachechemea.

Kwenye kikao cha wakufunzi nilisema gobole lilikuwa limechakaa. Hakuna aliyebisha. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami niliyekuwa nikiwafundisha wengine methali hiyo nikalitupia jembe lawama zote.

Wiki iliyofuata nilifanya jambo baya zaidi. Niliwapeleka wanafunzi wangu korongoni kwa somo la trigonometria, nikijiambia kwamba ni somo tu. Ukweli ni kwamba nilitaka hesabu inishuhudie. Walipima mstari wa mita 40 kando ya korongo, kuanzia pale nilipopigia, wakiufanya uwe pembe mraba na mahali aliposimama nguruwe. Kwenye mwisho wa mstari wakapima pembe kwa protrakta kubwa ya ubaoni na uzi. Walipata nyuzi 63. Tuliporudi darasani mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni: 40 mara tanjenti ya 63, sawa na mita 78 na nusu. Darasa zima likanyamaza, na ule haukuwa ukimya wa kutoelewa.

Nikawaambia wamesoma pembe vibaya. Ili upana uwe mita 50, pembe ingepasa kuwa nyuzi 51, na hakuna mwanafunzi mwenye macho anayeweza kusoma 63 mahali pa 51 kwenye protrakta ile. Nilijua hivyo. Nikachukua dasta, nikafuta jawabu sahihi. Katika miaka yote ya kazi yangu nimesahihisha maelfu ya madaftari, lakini kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kukutana nayo darasani lilikuwa langu, na lilitiwa kwa mkono huu ulioshika dasta.

Husemwa kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwangu yalikuja na mjukuu mwenyewe, akicheka, ameshika kidude cha jirani. Mtoto hakunicheka kwa sababu nilikosa mita 24. Alicheka kwa sababu, kwake, kukosa ni sehemu ya mchezo: unasema, unapima, unacheka, unasema tena. Nikajiuliza ilikuwaje mimi, mwalimu wa walimu, sikuwahi kufika hapo. Kukadiria vibaya si dhambi. Jicho limeumbwa na mipaka yake, na afande alikuwa na haki ya kulitahadharisha. Dhambi ilianza pale kipimo kilipokuja nikakikataa, na mtu mwingine akabaki amebeba jeraha la namba yangu.

Niliporudi nyumbani nilitafuta namba ya simu ya yule kijana. Kijana nasema mimi. Naye amestaafu ualimu sasa, ana wajukuu. Aliposikia sauti yangu aliamkia kwa furaha, “Shikamoo, Mwalimu!” Nikaitikia marahaba, nikaona haya kuitikia. Nikamweleza yote bila kupunguza: kwamba gobole halikuwa na kosa, kwamba waliokuwa nami walinionya, kwamba sikutoa tahadhari asubuhi ile, na kwamba nilifuta ubao.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, “Arobaini mara tanjenti ya sitini na tatu.”

Sikuweza kujibu.

“Wenzangu waliniletea daftari wodini siku ileile,” akaendelea. “Niliirudia hesabu mwenyewe, kitandani, mguu umefungwa. Ilikuwa sahihi, Mwalimu.”

“Mbona hukuniambia miaka yote hii?”

“Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Na mimi nilipokuwa mwalimu, mtoto akipata jawabu nisilolipenda, nilikuwa napima tena kabla sijashika dasta. Hilo nililipata kwako, ingawa hukukusudia kunifundisha.”

Nilimwomba radhi, akanipa. Sikumwuliza kama mguu bado unamsumbua wakati wa baridi. Nilihofia jawabu, nikaona hata katika kuomba msamaha bado nakwepa kipimo. Kwa hiyo nikampigia tena siku ya pili, nikamwuliza. Alisema ndiyo, unamsumbua.

Binti yangu alitaka kuninunulia kidude kama kile, kwa kuwa aliona nilivyokipenda. Nilimshukuru nikakataa. Siwindi, na huku kwetu umbali ninaotembea siku hizi ni wa kutoka barazani hadi kisimani. Lakini mjukuu wangu anapopiga simu, huniuliza nikadirie jambo: uzito wa mbuzi wa jirani, urefu wa mwembe, idadi ya mahindi shambani. Nasema namba yangu. Kisha nanyanyuka na mkongojo, nakwenda kupima, narudi kwenye simu, namwambia nimekosa kwa kiasi gani.