Ukumbi Ndani ya Biti: Mvumo wa Sauti Babati, Kutoka Bongo Fleva hadi Singeli

Mvumo, ambao mafundi wa studio wamezoea kuuita rivabu, ni mabaki ya sauti yanayoendelea kusikika baada ya chanzo chake kunyamaza, kwa kuwa sauti imegonga kuta, sakafu na paa na kurudi mara nyingi kiasi kwamba sikio haliwezi kutenga rudio moja na jingine. Ndivyo unavyotofautiana na mwangwi, ambao hulirudisha neno zima likatambulika. Katika sherehe za Babati tofauti hiyo haikujaliwa, maana vyote viwili viliitwa eko, na eko ilihesabiwa kuwa dalili ya mitambo mizuri.

Babati ilipofanywa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002, vijana walikuwa wamekwisha kuzama katika Bongo Fleva. Wimbo uliokwenda kwa mapigo 90 kwa dakika uliipa kila pigo theluthi mbili za sekunde, hivyo mvumo wa sekunde mbili, uliotosha kumfanya mwimbaji asikike kama yumo mahali pakubwa, ulififia baada ya mapigo matatu tu. Wanaozikumbuka sherehe za miaka hiyo wanakumbuka pia ukumbi wa tofali za saruji wenye mabati yasiyo na dari, ulioongeza mvumo wake juu ya ule wa studio. Wimbo ulistahimili, ingawa mashairi yaliwafikia walioketi nyuma nusunusu.

Singeli ndiyo iliyovuruga hesabu hiyo. Muziki huu, uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale ukiwa na damu ya mchiriku na taarabu, mara nyingi huvuka mapigo 200 kwa dakika. Ukifika 240, kila pigo huchukua robo ya sekunde, na mvumo uleule wa sekunde mbili hufunika mapigo manane, ngoma zikageuka uji. Watayarishaji wa awali walilikwepa tatizo hilo kwa njia ambayo pengine hawakuipanga: walikata kipande cha taarabu, wakakikimbiza na kukizungusha, na kwa kuwa rekodi ikikimbizwa mara mbili mvumo uliomo hufupika kwa nusu huku sauti ikipanda, ukumbi wa waimbaji wa zamani ulibaki ndani ya biti ukiwa mdogo kama kibweta. Ukavu huo, yaani uchache wa mvumo, unasikika katika Sounds of Sisso, mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Mburahati uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017.

Tangu hapo ustadi umehamia katika kupunguza. Fundi haumwagi mvumo juu ya wimbo wote, bali huipeleka nakala ya sauti ya MC katika njia ya pembeni, akaondoa besi humo, akaacha upenyo wa milisekunde 20 au 30 ili maneno yatangulie yakiwa safi, kisha akauzima mvumo kabla ya pigo linalofuata. Ngoma ya kiki na besi huachwa kavu kabisa. Mvumo mrefu huwekwa akiba kwa ajili ya pale ngoma zinaponyamaza.

Kipimo kigumu kipo barabarani. Bodaboda anayesubiri abiria karibu na stendi hupiga muziki kwa spika moja, ambayo, kwa kuunganisha upande wa kushoto na wa kulia, huweza kuufuta mvumo uliotanuliwa mno studio, na kinanda kilichoutegemea kikapotea. Ukumbini mambo ni kinyume: mabati hurudisha kila kitu, na fundi mwenye masikio huifunga eko ya mikseri kabla singeli haijaanza, mpaka mshereheshaji ashike kipaza sauti kuwakaribisha maharusi na kudai irudishwe.