Kisu Kisichokata

Msomaji wangu, katika chumba changu cha mbele hapa Malindi pana kidaka cha ukutani, cha namna iliyokuwa desturi ya nyumba zetu za mawe, na ndani yake mna visu vinne. Hapana hata kimoja kilichopata kukata kitunguu. Wageni wakiviona hudhani kwamba mimi ni mtu wa shari. Mke wangu huwaambia kwamba mumewe huogopa hata kuchinja kuku, na asemayo ni kweli.

Hivi ni visu vya fahari. Kisu cha fahari ni silaha iliyoacha kazi yake ikawa vazi. Hapa kwetu twakijua kwa sura ya jambia: ubapa uliopinda, ala iliyopinda kuliko ubapa wenyewe, na mshipi wenye nakshi za fedha unaolishika mbele ya tumbo. Waliwali, waliokuwa wakisimamia mwambao huu kwa jina la Sultani wa Unguja mpaka mwaka 1963, walivaa joho na jambia siku za baraza, na bwana harusi wa Kiswahili huvaa vivyo hivyo hata leo. Waomani wamelitia hanjari lao katika bendera ya nchi tangu mwaka 1970. Majeshi ya Ulaya nayo yalipenda fahari hiyo. Kati ya mwaka 1933 na 1945 mafundi wa mji wa Solingen, Ujerumani, walifua visu vingi mno kwa ajili ya maofisa na wafuasi wa Hitler, na Waitalia wa Mussolini waliwavika wanamgambo wao wa mashati meusi visu vya namna yao. Vya Wajerumani ndivyo vinavyoshindaniwa sana na wakusanyaji duniani, na kwa hiyo ndivyo vinavyoigizwa sana. Hata mimi ninacho kimoja cha uongo. Niliuziwa mjini na mtu mwenye ulimi mtamu, na kutu yake, niliyoidhania kuwa ya miaka hamsini, ilikuwa ya miezi miwili na tindikali. Nakiweka kidakani pamoja na wenzake ili kinikumbushe ujinga wangu.

Jambia langu la kwanza nilipewa na ami yangu. Lilikuwa likiazimwa nyumba hata nyumba kila palipokuwa na harusi, na sidhani kwamba lilipata kulala mwezi mzima mahali pamoja. Lilipokuwa langu nililiona limefifia, nikalisugua kwa jivu na ndimu kutwa nzima, likang'aa kama mwezi. Nikalipeleka Mombasa kumwonyesha sonara. Alilitazama, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Umelisugua mwenyewe, mwanangu?" Nikajibu kwa majivuno kwamba ni mimi. Akanionyesha mahali palipokuwa na rangi ya dhahabu, na mahali palipokuwa na alama ya fundi aliyelitengeneza. Vyote viwili nilikuwa nimevila kwa ndimu.

Tangu siku ile nilijifunza adabu ya vitu vikuukuu. Fedha iliyofifia huachwa ifie rangi yake. Chuma hupakwa mafuta mepesi, kama yale ya cherehani, wala si ya nazi, maana ya nazi huvunda. Na katika upepo wetu huu wa bahari, ubapa haulazwi ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na chumvi, na chuma huliwa gizani pasipo mtu kujua.

Nilijifunza sheria pia. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kila kitu cha kuchukulika, isipokuwa kitabu au hati, kilichofanywa Kenya au kuletwa humu kabla ya mwaka 1895, na kitu kama hicho hakitolewi nje ya nchi bila ya idhini. Mwaka huo wa 1895 ndio uliozuka vita vya Wamazrui kule Takaungu, kwa ugomvi wa urithi wa utawala, basi majambia ya watu wale yako ndani ya mpaka huo. Na mpini wa pembe ya kifaru usiuguse kabisa. Mapema katika miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Mwisho wa miaka ya 1980 hawakufika 400, na mipini ya majambia ya Yemen ilikuwa sababu mojawapo.

Lakini kisu ninachotaka kukueleza habari zake si jambia. Ni kifupi, kimenyooka, na juu ya ala yake pana chapa ya tita la fimbo lililofungwa pamoja na shoka, ambayo ndiyo iliyokuwa alama ya serikali ya Mussolini. Nilikipata mwaka 1987, katika nyumba moja mbali kidogo na Kilifi, kwenye njia ya kwenda Ganze. Kijana wa nyumba ile alikuwa amesikia kwamba nanunua visu. Tulipatana kwa bei ya mbuzi wawili.

Babu yake alikuwa ameketi chini ya mkorosho. Alikuwa askari wa Keya katika vita vya pili vya dunia. Nilimwamkia kwa heshima, naye akakiomba kisu akitazame. Akakiweka juu ya magoti, akakipapasa kwa kidole gumba, akasema, "Mwenye kisu hiki, mwanangu, alikuwa..." Papo hapo ikasikika honi ya gari barabarani, nalo lilikuwa la mwisho siku ile. Nikamwambia, "Nitarudi, mzee, unieleze vizuri." Nikakitwaa magotini mwake, nikakimbia.

Nyumbani nilianza kusoma. Nikasoma kwamba mwaka 1940 ndege za Waitalia ziliangusha mabomu mji huu huu wa Malindi. Kwamba askari wa Keya walikuwa miongoni mwa majeshi yaliyoingia Kismayu na Mogadishu mwezi wa Februari 1941, na kwamba Addis Ababa ilichukuliwa tarehe 6 Aprili. Kwamba Waitalia wa mwisho waliokuwa wakipigana kule Uhabeshi walisalimu amri Gondar mwezi wa Novemba. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyotamani kujua: je, kisu kile kiliokotwa njiani? Kilinunuliwa kwa mateka kwa sigara? Kilivuliwa kiunoni mwa maiti?

Niliporudi ilikuwa imepita miezi saba, na mzee alikuwa amezikwa.

Mjane wake alinikaribisha. Nikamwuliza kama mzee alipata kumsimulia. Alifikiri kwa muda, akasema kwamba hapana. Hakukubali kisu kile kifungue hata dafu. Kila mara watoto walipokichezea alikipokonya akisema, "Si changu. Nimemwekea mtu." Mtu gani, hakusema. Na kwamba mjukuu amekiuza, mzee alikuwa amejua siku ile ile niliyokichukua, asilaumu mtu.

Nikataka kukirudisha. Mama yule akakataa. Wale mbuzi walikwisha kuuzwa, na fedha zilikwisha kulipia karo.

Siku hizi kila kisu changu kina karatasi iliyofungwa kwa uzi: nani alikivaa, wapi, na kilipitia mikono gani. Karatasi ya kisu kile ina maneno mawili tu, "Nimemwekea mtu," na chini yake ni nyeupe.

Malindi, kama ujuavyo, ni mji wenye Waitalia wengi, waliokuja kwa amani. Mwaka jana alikuja jirani yangu mmoja wao, mzee wa miaka themanini na kitu, kunywa kahawa. Akaiona chapa ile. Akakishika kile kisu, akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mwenyewe nani?" Nikampa karatasi. Akaisoma, nikamweleza maana yake, akaisoma tena. Hakuuliza bei. Alitaka kukirudisha kisu ndani ya ala, nikamzuia mkono, nikamwambia kwamba viwili hivyo huviweka mbalimbali, kwa sababu ya chumvi.