Jumatano mwanangu anaingia chumba cha upasuaji

Wadau, wengi mmeniuliza mbona niko kimya. Nipo. Kijana wangu wa miezi minne amelazwa Bugando, na Jumatano, Mungu akipenda, anafanyiwa upasuaji wa kichwa. Ana maji yaliyozidi kwenye ubongo, ule ugonjwa ambao mtaani tunauita tu "kichwa kikubwa". Naandika sasa kwa makusudi. Nikisubiri matokeo nitaandika kama mtu aliyeshapata jibu, na mtu akishapata jibu husahau alivyokuwa akiamini kabla yake.

Niwaeleze kidogo. Ubongo wa kila mmoja wetu umezungukwa na maji. Kwa mtu mzima mwili hutengeneza kama nusu lita kila siku, yanazunguka, halafu yananyonywa kurudi kwenye damu. Njia ikiziba, yanajaa. Mtoto mchanga mifupa ya fuvu lake bado haijashikana, kwa hiyo kichwa kinatanuka. Nesi wa kliniki alimpima kwa futi kamba mara mbili, akatazama kadi, akaniambia taratibu, "Baba, huyu msikae naye nyumbani." Utosi ulikuwa umevimba na macho yalikuwa yanaelekea chini. Madaktari wanaifananisha dalili hiyo ya macho na jua linalozama. Sisi wa Mwanza tunaolitazama jua likizama ziwani kila jioni, mfano huo tunauelewa haraka kuliko tungependa.

Bibi yake alikuja na meli kutoka Ukerewe. Mama yangu ni mtu wa maombi kwelikweli, na hata mimi nimelelewa na maombi hayo. Alimpakata mjukuu wake, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mtoto wa miezi minne apasuliwe kichwa? Tumpe Mungu muda kwanza. Wiki tatu tu."

Jamani, utamjibu nini mama kama huyo? Huwezi kumwambia hana elimu, na huwezi kumwambia imani yake haina maana. Nilimwambia, "Mama, Mungu ana muda wote. Asiye na muda ni huyu mtoto."

Sikuyatunga hayo. Daktari alikuwa ametueleza kwamba maji yanaubana ubongo, na upasuaji unazuia uharibifu usiendelee, lakini kilichokwisha kuharibika huenda kisirudi. Maana yake wiki tatu zina bei, na anayeilipa ni mtoto.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuweka mrija chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, maji yapate pa kutokea. Tatizo ni kwamba mrija unaweza kuziba au kupata maambukizi hata baada ya miaka, na hapo unamhitaji daktari wa upasuaji haraka. Fikiria uko kisiwani, ni usiku, na meli ni ya kesho. Njia ya pili imeendelezwa hapo kwa jirani zetu, Mbale, Uganda, na Mmarekani Benjamin Warf, aliyehamia huko mwaka 2000. Anatoboa kitundu ndani ya ubongo ili maji yapate njia mpya, kisha anachoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Mtoto habaki na mrija mwilini. Utafiti wa Mbale uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha watoto 100, haukuona tofauti kubwa ya maendeleo ya watoto kati ya njia hizo mbili baada ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo hakuna njia yenye uhakika. Daktari wetu alisema "tutajitahidi", hakusema "atapona". Nilimheshimu kwa hilo.

Halafu ikaja fomu ya ridhaa. Kazi yangu ni kusoma maandishi ya watu, nikaisoma mara mbili. Kutokwa damu. Maambukizi. Kutoamka. Hakuna mahali pa kuandika "Mungu hataruhusu". Mke wangu akanitazama, akasema, "Baba, saini."

Siku zote nilifikiri imani ni kuwa na hakika. Ile kalamu ilinifundisha vingine. Ningekuwa na hakika, kusaini kusingekuwa imani, kungekuwa hesabu tu. Imani ni kumkabidhi mtoto wako kwenye mikono ya watu usiowajua, ukiwa umesoma yote yanayoweza kutokea, na bado unaandika jina lako.

Wodini humu nawaona wazazi wengi wa namna hiyo. Kuna mama aliyetoka Sengerema, tasbihi iko mkononi muda wote. Jirani yake ana rozari. Mmoja akienda kuoga, mwenzake anamshikia mtoto. Sijawasikia wakibishana ni maombi ya nani yanafika.

Na bibi? Juzi ndugu zangu wawili walipokwenda kuchangia damu, naye akataka kwenda. Wakamwambia umri umepita. Akarudi mnyonge. Jana nesi akatueleza kwamba siku ya upasuaji mtoto hatanyonya kwa saa nne kabla ya dawa ya usingizi. Mama yangu akasikia, akauliza, "Kumbe atafunga?" Nesi akacheka, akasema ndiyo bibi, atafunga.

"Basi nitafunga naye," akasema. Tangu hapo hajataja tena zile wiki tatu. Maombi hajaacha, ila sasa anamwombea na daktari alale vizuri Jumanne.

Wadau, naomba mtuombee, kila mtu kwa dini yake. Walio Mwanza wanaoweza kuchangia damu, tafadhali wachangie, maana watoto humu ni wengi. Na kama nyumbani kwako au kwa jirani kuna mtoto ambaye kichwa kinakua haraka, utosi umevimba au macho yanatazama chini, mpeleke akapimwe leo. Mwombeeni mkiwa njiani.