Matrekta Manne Juu ya Behewa

Mhariri ameniomba niandike machache juu ya kazi ninayoifanya jioni, yaani kuunda magari ya moshi madogo. Wenzangu niliosoma nao hunicheka wakisikia habari hiyo. Husema, "Mtu mzima na vitu vya watoto!" Nawaacha wacheke. Leo sitaeleza mambo yote ya kazi hii. Nitaeleza behewa moja tu, kwa sababu behewa hilo liliniaibisha.

Mwaka 1982 nilikuwa nikisoma uhandisi wa kilimo katika jimbo la Iowa, Marekani. Huko mahindi hayana mwisho wa macho, na katika mji wa Waterloo kampuni ya John Deere imeunda matrekta tangu mwaka 1918. Matrekta mengi yalisafirishwa kwa reli, juu ya mabehewa yasiyo na kuta wala paa. Ni sakafu ya mbao tu juu ya magurudumu. Katika mji niliokaa palikuwa na chama cha watu wanaounda reli ndogo. Nikajiunga nacho, maana baridi ya kule ni ndefu, na mgeni hana pa kwenda jioni.

Kipimo chetu kilikuwa moja kwa themanini na saba. Behewa la kweli lenye urefu wa mita 16.3 huwa karibu sentimita 19, nalo laweza kulala juu ya daftari. Trekta huwa sentimita nne tu. Nilichagua trekta la John Deere namba 60, lililoundwa miaka ya 1952 hadi 1956, lile ambalo magurudumu yake mawili ya mbele yamekaribiana ili yapite kati ya mistari ya mahindi. Niliunda manne. Nilipaka mwili rangi ya kijani na magurudumu manjano, kwa brashi yenye nywele chache kuliko kope zangu. Kazi hiyo ilinichukua majuma matatu. Kisha nikayabandika kwa gundi juu ya behewa, nikalipeleka chamani, kifua mbele.

Palikuwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Akavaa miwani, akalitazama behewa langu kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kijana wangu, ni kitu gani kinachoyazuia yasitembee?"

Nikajibu, "Gundi, mzee."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akavuta kiti.

Alinieleza kwamba adui wa mzigo si mwendo, bali ni kishindo. Kati ya behewa na behewa pana nafasi kidogo katika vyuma vinavyoyashikanisha. Gari likianza kwenda au likishika breki, nafasi hizo hufunguka au kufunga moja baada ya moja, na behewa la nyuma hupigwa kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Kwa hiyo kila gurudumu huwekewa kabari za mti mbele na nyuma, zikapigiliwa misumari sakafuni, na vipande vingine ubavuni. Halafu hufungwa waya, hukunjwa mara kadhaa, hutiwa kijiti katikati na kusokotwa mpaka ikaze. Kitu kipana kupita kiasi, kama mdomo wa mashine ya kuvunia, hufunguliwa na kulazwa peke yake, la sivyo kitagonga nguzo za njiani. Siku hizi minyororo imechukua mahali pa waya, lakini matrekta yangu yalikuwa ya zamani.

Wanafunzi wa hesabu watapenda jambo hili. Trekta la kweli la namba hiyo lina uzito wa kilo 2,400 hivi. Ukipunguza urefu, upana na kimo, kila kimoja mara 87, uzito hupungua mara 658,503. Trekta langu lingestahili kuwa na gramu zisizofika nne! Uzito kama huo tone la gundi hulishika bila shida. Kabari ndogo hazizuii kitu chochote. Ukizitia, umezitia kwa kuwa wajua zilikuwapo.

Nami nilikuwa nimeziona. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi usiku ule.

Baba alikuwa mkaguzi wa mizigo katika stesheni ya Tororo, wakati wa Reli za Afrika Mashariki. Mwaka 1965 nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikimpelekea chakula cha mchana. Alitembea kando ya mabehewa na nyundo ndogo, akigonga kabari na kusikiliza sauti yake, akivuta waya kwa kidole. Mimi nilisimama ng'ambo ya njia, ili wanafunzi wenzangu wasinione karibu na kaki yake yenye mafuta. Siku moja palikuwa na matrekta mekundu. Akaniita, "Njoo, mwanangu, nikuonyeshe waya unavyosokotwa." Nikasema nina kazi ya shule. Sikuwa nayo.

Alifariki mwaka 1976. Basi nilikuja kuonyeshwa na mtu mwingine, mbali sana, kwa Kiingereza.

Nikaanza upya. Kabari nilizikata katika njiti za kibiriti; unene wa njiti, milimita mbili, ni sawa na boriti ya sentimita 17. Waya nilitoa ndani ya kamba ya taa iliyoharibika, uzi mmoja mmoja. Hata hivyo ni mnene kupita haki, kwa kuwa waya wa kweli ukipunguzwa hivyo huwa kama unywele. Kuusokota kwa ncha ya sindano kulinishinda siku nne. Siku ya tano ulikaza.

Baadaye niliunda behewa la pili, tupu, lililokwisha kushusha mzigo wake: kabari zimebaki sakafuni, misumari imepinda, vipande vya waya vimelala ovyo. Watu hulipita bila kulitazama. Mimi nalipenda kuliko lile la kwanza.

Yote mawili nimeyaleta shuleni, yamo katika kabati la maabara. Atakayetaka kuyaona amwombe mwalimu ufunguo, na tafadhali asivute waya.