Somo la Kliniki na Maswali ya Akina Mama

Kwa Watanzania wa miaka ya 1970 na 1980, kumbukumbu za kliniki ya mama na mtoto huanza na somo. Kabla mtoto hajaning'inizwa kwenye mizani, akina mama waliketi kwenye mabenchi, nesi akasimama mbele yao na picha zake: uji wa karanga, maji ya kuchemsha, chanjo ya surua. Somo hilo lilikwenda sambamba na juhudi kubwa zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipeleka elimu ya kinga vijijini kupitia redio, lakini redio haikuachwa iseme peke yake. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana: hapa kwetu mbu wanazaliana wapi, na tufanye nini? Vyoo vilichimbwa na vichaka vikafyekwa, kwa sababu waliokubaliana walikuwa majirani wanaoonana kila siku.

Mwaka 2012 ilikuja kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyowatumia wajawazito ujumbe wa simu bila malipo. Siku hizi kuna pia makundi ya WhatsApp, ambamo nesi hutuma tarehe za chanjo na tahadhari za kipindupindu. Faida yake ni kubwa. Mjamzito hukumbushwa siku ya kliniki akiwa shambani. Lakini ujumbe mfupi hauulizwi swali, na hapo ndipo naona tumepoteza. Chukua vidonge vya kuongeza damu. Wapo wanawake wanaoviacha kwa kuhofia kwamba vitamkuza mtoto tumboni mpaka uzazi uwe mgumu. Hofu hiyo haiondolewi na maandishi yanayosema meza kila siku. Huondolewa na nesi anayeisikia ikitamkwa na kuijibu mbele ya wengine walioificha. Vivyo hivyo, anayeambiwa ale maini na hana fedha za kuyanunua anahitaji mtu wa kumwambia kwamba dagaa na maharage pia vina madini ya chuma.

Wapo watakaosema kwamba somo la zamani halikuwa la kutamaniwa, kwamba mara nyingine lilikuwa karipio. Ni kweli. Mama aliyefokewa kwa kuchelewa hakuthubutu kuuliza, akaondoka na hofu aliyokuja nayo. Ndiyo maana sitetei kurudisha hotuba. Natetea mjadala, ule uliofanya vikundi vya mwaka 1973 vichimbe vyoo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wauguzi ni wachache na foleni ni ndefu. Hilo nalikubali, na sehemu ya kazi inaweza kubebwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Hata hivyo, muda unaookolewa kwa kuruka somo hulipwa baadaye, pale mjamzito aliyeacha vidonge anapofika kujifungua akiwa na upungufu mkubwa wa damu, na wauguzi walewale wachache wakahangaika naye usiku kucha.

Simu ziendelee kukumbusha tarehe. Waganga wafawidhi nao waliingize somo kwenye ratiba ya zamu kama wanavyoingiza chanjo, wampangie nesi wa kuliongoza, na maswali ya akina mama yaandikwe kwenye daftari ili nesi wa zamu inayofuata ajue wanachohofia.